Kuosha vyombo au kupima maji ya mito: mapitio ya kazi zangu mbili za likizo huko Minnesota

Kila Januari simu yangu inajaa sauti za WhatsApp za wadogo zangu waliokuja kusoma Marekani: "Dada, nimeomba nafasi ya utafiti ya majira ya joto, na hapa chuoni kantini wananitaka niendelee likizo nzima. Nichukue ipi?" Nimechoka kumjibu kila mmoja peke yake huku nasubiri basi kwenye baridi, kwa hiyo leo naandika mara moja, mjisomee.

Nimefanya zote mbili. Likizo ndefu ya kwanza niliosha vyombo chuoni kwangu, chuo kidogo kilichoko kusini mwa Minneapolis, mwendo kama wa saa moja kwa gari. Likizo ya pili nilikwenda kufanya utafiti wa maji kwenye chuo kikubwa. Sitataja jina la hiki wala kile, kwa sababu nina ya kuwasema na bado nazihitaji barua zao za mapendekezo. Hukumu naitoa mapema kwa wasiopenda kusoma marefu: kuosha vyombo nyota nne, utafiti nyota tatu na nusu. Kuna njia ya tatu ambayo naipa tano kasoro robo, nitafika huko.

Nianze na vyombo. Mama yangu ni mwalimu Tanga, na nilipompigia kumwambia nimepata kazi alifurahi hadi aliposikia ni kazi gani. "Mwanangu, nimekusomesha mpaka Marekani ukaoshe vyombo?" Nikamwambia, mama, hapa mtoto wa daktari naye anaosha. Hakuamini, na sijui kama ameamini mpaka leo.

Chumba chenyewe kiko nyuma ya ukumbi wa chakula. Wanafunzi wakiondoka mwezi wa tano msidhani chuo kinalala. Kinakodishwa. Wanakuja watoto wa kambi za mpira wa wavu, wa hoki, wapiga tarumbeta, halafu wazee wa mikutano ya kanisa. Mtoto wa hoki anakula sahani tatu, na zote tatu anaziacha na sosi ya nyanya iliyogandia pembeni. Mmoja anakwangua mabaki, mwingine anapanga sahani kwenye mikanda ya mashine, wa tatu anazipokea upande wa pili. Ukiwa mgeni wanakuweka upande wa pili, unadhani umependelewa kwa kuwa sahani zinatoka safi. Ngoja zitoke. Maji ya mwisho ya mashine zile yanafika nyuzi 82 za Selsiasi, na sahani inakuja inafuka moshi, inajikausha yenyewe kabla hujaishika. Glavu za mpira hazizuii joto lile, zinakupa tu muda wa kuiweka chini kabla hujapiga kelele.

Aliyenifundisha ni mama wa Kisomali, mpishi, aliyekulia Eastleigh kule Nairobi kabla ya kuhamia Minnesota. Siku alipojua natoka Tanzania alibadili lugha hapo hapo, Kiswahili cha Nairobi kilichonyooka, akaniita "mwanangu" na hakuwahi kuniita jina lingine. Alinifundisha kitu kimoja: usishindane na mashine. Zikijaa, bonyeza kitufe chekundu, isimame, panga, washa tena. Wavulana wa Kimarekani waliona aibu kubonyeza, wakawa wanakimbizana na sahani mpaka zinavunjika. Mimi nilibonyeza bila haya.

Sasa fedha. Nililipwa dola 12.75 kwa saa. Kima cha chini cha jimbo la Minnesota mwaka 2025 kilikuwa dola 11.13, kile cha serikali kuu ni dola 7.25 na hakijapanda tangu 2009, kwa hiyo sikuonewa. Likizoni mwenye viza ya F-1, viza yetu ya wanafunzi, anaruhusiwa kufanya kazi ya chuoni saa zote, si zile 20 kwa wiki za wakati wa masomo, basi wiki iliyojaa ilikuwa saa 40 na dola 510. Tatizo ni hilo neno "iliyojaa". Kambi moja ikiondoka na nyingine haijafika, bosi anapunguza saa, unabaki na nusu ya mshahara na kodi ya chumba iko pale pale. Kwangu chumba cha bweni kilikuwa dola 75 kwa wiki, wanakata moja kwa moja. Chakula kila shifti ni bure, na yule mama alihakikisha sirudi bwenini mikono mitupu.

Angalieni slipu ya mshahara vizuri. Mwanafunzi wa F-1 katika miaka yake 5 ya kwanza ya kalenda hakatwi Social Security wala Medicare, yaani makato ya pensheni na ya bima ya afya ya wazee. Ukiona wamekata, nenda ofisi ya malipo na uwaulize, mara nyingi ni mtu tu kaweka alama mahali pasipo pake kwenye kompyuta. Hiyo ni asilimia 7.65 ya jasho lako. Na kama hii ndiyo kazi yako ya kwanza nchini, kuna faida nyingine wengi hawaifikirii: barua ya ajira, pamoja na ya ofisi ya wanafunzi wa kigeni, ndizo zinazokupatia namba ya Social Security, ile wanayokutambua nayo kwenye kazi na kodi. Bila ajira, F-1 hupewi.

Tahadhari nyingine ni jinsi ubao wa kazi za chuo ulivyojaa maneno "work-study", yaani kazi za wanafunzi ambazo serikali kuu inachangia mshahara. Zile fedha za serikali kuu ni za wananchi na wakazi wa kudumu, sisi hazituhusu. Tafuta zile ambazo idara inalipa kwa mfuko wake. Kantini karibu zote ni hizo, na ndiyo maana nyuma ya kila kantini ya chuo Marekani utawakuta Waafrika, Wanepali na Wavietnamu wanacheka pamoja.

Kwa nini nne na si tano? Mgongo. Na jioni unarudi umelowa, huna hamu ya kufungua hata ukurasa mmoja. Nilijiwekea mpango wa kusoma kemia likizo ile, kitabu kikakaa kitandani kama mpangaji mwenzangu.

Utafiti ni habari nyingine, na hapa nitakaa zaidi kwa sababu ndipo watu wanapodanganyika na majina.

Kwanza kabisa, wengi wenu mnapoteza Desemba nzima kuandika insha za kuomba REU, zile programu za utafiti wa likizo kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza. Simameni. Programu za REU zinalipwa na National Science Foundation, shirika la serikali kuu linalofadhili sayansi, na nafasi zinazolipwa kwa fedha hizo ni za raia wa Marekani na wakazi wa kudumu tu. Imeandikwa pale chini kwenye tangazo, kwa herufi ndogo, baada ya picha za vijana wanaotabasamu na pipeti. Anzeni kusoma matangazo kutoka chini kwenda juu. Kinachobaki kwetu ni programu zinazolipwa na vyuo vyenyewe au na wafadhili binafsi. Zipo, ila ni chache na wanaozigombania ni dunia nzima.

Mimi nilipata moja ya namna hiyo. Wiki kumi, posho ya dola 5,500, chumba bure. Nilipopiga hesabu kichwani nikaona nimeukata. Kisha ofisi zikaanza.

Ofisi ya fedha ya chuo kile ikasema hii ni posho, si mshahara, kwa hiyo inakatwa asilimia 14 kwa mgeni ambaye nchi yake haina mkataba wa kodi na Marekani. Tanzania haina, na Wakenya msicheke, nanyi hamna. Dola 770 zikaenda. Ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo changu nayo ikasema: iite posho, iite zawadi ya harusi, ukifanya kazi nje ya chuo hiki sisi tunataka CPT, kibali cha mwenye F-1 kufanya kazi ya mafunzo nje ya chuo. Na CPT lazima ifungamane na masomo, kwa hiyo nikaandikishwa somo la krediti moja la mafunzo kazini, na krediti ya majira ya joto inalipiwa. Nikatoa dola 450. Yaani fedha ile ile, ofisi moja inasema hufanyi kazi, nyingine inasema unafanya, na zote mbili zinakutoza. Sehemu ndogo ilirudi mwaka uliofuata nilipojaza 1040-NR, fomu ya kodi ya wageni, lakini sehemu ndogo ya mwaka ujao hainunui unga mwezi wa sita.

Toeni na chakula, kwa sababu chumba bure maana yake ni chumba tu, jiko la pamoja na sufuria lako mwenyewe. Baada ya yote nilibakiwa na pungufu ya nilichopata kuosha vyombo, hata ukihesabu zile wiki za saa chache. Halafu fungu la kwanza la posho lilichelewa mpaka tukafika katikati ya programu. Mwenzetu mmoja Mmarekani alimpigia baba yake simu. Mimi nilimpigia mama mdogo anayekaa Brooklyn Park, pembeni mwa Minneapolis, akanitumia fedha na mahubiri kwa pamoja. Wiki zilizobaki kati ya mwisho wa programu na kufunguliwa kwa bweni langu nikazilala kwenye kochi lake, nikilea wajukuu wa jirani yake Mkisii. Hizo nazo mziweke kwenye hesabu: programu ni wiki kumi, likizo ni zaidi ya kumi na mbili, na bweni halikusubiri.

Sasa kwa nini bado natoa tatu na nusu? Kwa sababu ya maji.

Kusini mashariki mwa Minnesota ardhi imekaa juu ya mawe ya chokaa yenye nyufa na mapango. Juu kuna mashamba ya mahindi na soya, na mifugo. Mbolea na samadi vinageuka nitreti, mvua ikinyesha nitreti inashuka kwenye nyufa haraka, bila kuchujwa na udongo, inaingia kwenye visima ambavyo watu wanakunywa. Kazi yetu ilikuwa kufuata mito midogo na chemchemi, kuchukua sampuli, kuzichuja pale pale, kuziweka kwenye deli la barafu, kisha maabara kuzipima.

Kuchuja ndiko kunakokufundisha. Unavuta maji kwa bomba kubwa la sindano lisilo na sindano, unafunga kichujio cha mikromita 0.45 kwenye mdomo wake, unasukuma. Siku ya jua maji yanapita laini. Siku baada ya mvua, mto umekuwa rangi ya chai ya maziwa, unasukuma kidogo tu kichujio kimeziba, unabadili, unasukuma, kimeziba tena, dole gumba linakufa ganzi na mbu wa Minnesota wanakula shingo. Na siku hizo baada ya mvua ndizo zenye taarifa tunayoitafuta, kwa hiyo huwezi kusema tutarudi kesho. Mwanafunzi wa PhD aliyekuwa akitusimamia alikuwa na sheria moja: chupa isiyoandikwa saa na mahali kwa penseli inamwagwa hata kama umeipata kwa damu. Alimwaga yangu moja mbele yangu. Tangu hapo naandika chupa kabla sijashuka kwenye gari.

Kuna mama mmoja mkulima aliyeturuhusu kupima kisima chake. Tukachukua maji bombani jikoni kwake, akatuambia kaeni, joto hili, akatumiminia glasi kutoka bomba lile lile. Msimamizi wetu akaiangalia glasi, akamwangalia mama, akanywa. Nami nikanywa, kwetu maji ya mwenyeji hayakataliwi. Majibu yalipotoka yalikuwa juu ya 10, na miligramu 10 za nitreti kwa lita, ikipimwa kama nitrojeni, ndicho kikomo cha serikali kwa maji ya kunywa. Mtu mzima glasi moja haimdhuru. Hatari ni kwa mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya kopo kwa maji yale, damu yake inashindwa kubeba oksijeni inavyotakiwa, anabadilika rangi. Yule mama alikuwa anatarajia mjukuu. Msimamizi alimpigia simu siku hiyo hiyo, hakungoja ripoti.

Nilimsimulia mama yangu Tanga. Akauliza swali ambalo Mmarekani hata mmoja hakuniuliza: "Si wachemshe?" Nikamweleza kuwa nitreti haifi kwa moto, si mdudu. Ukichemsha maji yanapungua, nitreti inabaki, inazidi kukolea. Akanyamaza kidogo. "Basi hiyo ndiyo kazi ya kusomea," akasema. Dola 770 zilipona kidogo hapo.

Lililonikosesha raha ni profesa mwenyewe. Mtu mwema, ana jina kubwa, ndiye aliyenifanya niombe. Lakini majira ya joto ndiyo msimu wa maprofesa kusafiri. Tulimwona siku ya kukaribishwa, tukamwona siku ya mabango, tulipoonyesha matokeo yetu, katikati tulimwona kwenye barua pepe. Nilipomwomba barua ya mapendekezo aliandika haraka na kwa ukarimu, ila mwalimu wangu wa chuoni, aliyepewa ruhusa ya kuisoma, aliniambia kwa upole nitafute na ya pili: inasema wewe ni mchapakazi na unafika kwa wakati. Yule mama wa kantini angeweza kuandika hayo, na angeongeza kile kisa cha kitufe chekundu.

Kwa hiyo ukipewa nafasi ya utafiti, usiulize jina la profesa. Uliza nani utakaa naye mezani kila siku, na je, huyo ataweka mkono wake kwenye barua pamoja na profesa. Waandikie wanafunzi wa mwaka uliopita, majina yao yapo kwenye mabango yaliyowekwa mtandaoni. Uliza posho inalipwa lini, si kiasi gani. Nyumbani mambo haya hatukuyazoea kwa kuwa field unapelekwa, unapangiwa, na kama una mkopo wa bodi kuna fungu lake la mafunzo kwa vitendo. Hapa ni wewe na barua pepe zako.

Njia ya tatu niliyoisema ni hii. Baada ya likizo ile nilirudi chuoni kwangu, nikaenda kwa mwalimu wa kemia, nikamwambia najua kuchuja maji, najua kuandika chupa, una kazi? Alikuwa nayo. Analipa kwa saa, dola 13, kutoka mfuko wa idara. Kwa kuwa ni maabara ya chuo changu, inahesabika kama kazi ya chuoni: hakuna CPT, hakuna krediti ya kununua, fedha inakuja kila baada ya wiki mbili kama ya kantini. Wakati wa masomo sizidi saa 20, likizo hii nitafanya saa zote. Na mwalimu ananiona kila siku nikiwa nimechoka, nikiwa nimekasirika, nikiwa nimepata jibu. Barua yake itakuwa na nyama. Robo ya nyota nimeibana kwa sababu maabara haina dirisha.

Watu hawaiombi kazi hii kwa sababu haitangazwi. Haina picha za kutabasamu. Unagonga mlango mwezi wa pili au wa tatu, kabla mwalimu hajagawa fedha za majira ya joto, na unakwenda na kitu kimoja unachojua kufanya kwa mikono.

Kama ndiyo kwanza unamaliza mwaka wa kwanza na nyumbani wanategemea utume chochote, osha vyombo, usione haya, na jioni za Jumapili nenda kasalimie walimu wa maabara. Kama unalenga PhD na chuo chako hakina mtafiti wa jambo unalolipenda, nenda kwenye utafiti, lakini uwe na akiba ya mwezi mmoja mfukoni na ndugu mwenye kochi. Ukiwa na ofa zote mbili na tarehe zinagongana, omba programu ya utafiti ikuongeze wiki ya kufikiri. Mimi niliomba, nikapewa, na hakuna aliyekasirika.

Maombi ya utafiti mengi yanafungwa kati ya Januari na Februari, za kantini zinatangazwa kuanzia Machi, kwa hiyo kimsingi unaweza kuomba zote bila kumkosea mtu. Na ukienda kupima mito, gambuti nunua zako mwenyewe. Za maabara zote ni namba za wanaume, na moja huwa inavuja, ila hakuna anayekumbuka ni ipi.